Standibai Dar kwenda KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro) wiki ya Krismasi, mimi na mtoto

Nimefika Machame jana saa 5 asubuhi na nimeona niandike mapema kabla sijasahau, maana najua mwakani kuna mtu ataambiwa na ndugu yake wa shirika la ndege "usihangaike na basi, nitakupa tiketi ya stafu" na atafurahi kama nilivyofurahi mimi.

Mume wangu ni fundi wa ndege, shirika silitaji, na Krismasi hii kapangiwa zamu kwa hiyo nimekuja peke yangu na mwanetu wa miaka 7. Kwa ambao hawajui, tiketi yenyewe inaitwa ID90, yaani unalipa asilimia 10 tu ya nauli halafu kodi na tozo za uwanja unalipa kamili kama abiria mwingine. Kwa bei sina neno, ni nzuri mno. Ila kiti huna, ndiyo standibai yenyewe. Tiketi unayo, jina liko kwenye sistimu, lakini kiti chako ni kile ambacho mwenyewe hajatokea, na hilo unalijua mwishoni kabisa kaunta ikishafungwa. Na hata hapo kuna mpangilio wake, kwa shirika letu wanaanza wanaosafiri kikazi, wanafuata waliolipa nauli kamili wakaachwa na ndege ya mwanzo, ndio mnakuja nyie wa likizo na familia, na hapo tena wanaangalia nani kaajiriwa lini. Mume wangu ana miaka 4 kazini, kwa hiyo sisi tulikuwa chini kabisa.

Sasa hiyo ni siku za kawaida. Tarehe 21 Desemba ni habari nyingine, Wachaga wa Dar wote wanapanda nyumbani na hakuna anayetaka kukuta mbuzi ameshachinjwa.

Siku ya kwanza tulifika uwanjani saa 10 alfajiri. Dada wa kaunta akaniambia subiri pale pembeni. Ndege ya asubuhi ikaondoka imejaa, nikamfuata, akasema subiri. Ya saa 4 hivyo hivyo, subiri. Mchana subiri. Hakuniambia hata mara moja tuko wangapi kwenye listi wala ndege zinazofuata zimejaa kiasi gani, na hayo yote yalikuwa kwenye skrini mbele yake. Hapa ndipo niliumia kwa kweli. Kukosa kiti nililijua toka nyumbani, mume wangu alinieleza vizuri, lakini ningeambiwa saa 12 asubuhi kwamba ndege zote za siku zimejaa ningechukua teksi mpaka stendi ya Magufuli pale Mbezi, nikapambana na basi na jioni niko Moshi. Badala yake saa 9 alasiri mtoto amelala juu ya begi na mabasi ya mchana yote yameshatoka.

Jioni zamu ikabadilika, akaja kijana mmoja na yeye ndiye sababu sitoi nyota 1. Akaniita, "Mama, njoo nikuonyeshe." Akachukua kipande cha lebo ya mizigo, akageuza nyuma akaandika kwa peni: viti 76, waliofika 74. Nikaanza kumshukuru Mungu. Akaongeza mstari wa tatu, uzito, akauzungushia duara. Akanieleza kwamba ndege za propela mwezi huu kila abiria anabeba kilo zake zote na nyingine za kulipia, kwa hiyo viti viwili viko wazi lakini uzito uliobaki ni wa mtu mmoja. "Nakupa kimoja, mama. Viwili siwezi."

Nikamwangalia mwanangu. Alikuwa ameshasimama, kajibebea kibegi chake mgongoni, anadhani tumeitwa. Nikasema hapana, mpe anayefuata. Kiti kikaenda kwa mzee aliyekuwa nyuma yetu kwenye listi, akanishika mkono kwa mikono yake miwili akaondoka. Mtoto akaniuliza, mama, ile si ndege yetu? Sikuwa na jibu la haraka, nilimkumbatia tu.

Yule kijana hakuishia hapo. Akaniambia njoo ndege ya kwanza kesho, kwa sababu watu wengi wanaoachwa na ndege wanaachwa na ile ya alfajiri, na hewa ya asubuhi ina ubaridi, ndege inabeba vizuri kuliko jua likiwa kali. Na begi kubwa usije nalo. Nikamsikiliza. Usiku ule ule nikalipeleka ofisi ya basi Shekilango, mchele, sukari na kanga za mama mkwe vyote humo, na kwa vile toka 2023 mabasi yameruhusiwa kutembea usiku likafika Moshi kabla yetu, shemeji akalipokea.

Tarehe 22 mvua ilinyesha toka usiku wa manane na watu kadhaa wakachelewa. Tuliitwa majina yote mawili. Viti vilikuwa mbalimbali, mama mmoja akakubali kuhama bila hata kuombwa mara ya pili, mtoto akakaa dirishani upande wa kulia na kule mwishoni akauona Kibo umetokeza juu ya mawingu, akanyamaza kimya mpaka tunatua. Pale KIA teksi ya moja kwa moja ni hela nyingi, sisi tulipewa lifti mpaka njia panda, kama kilomita 6 hivi, tukapanda kosta ya Moshi tukashuka njia panda ya Machame.

Natoa nyota 3. Kama uko mwenyewe, una begi la mkononi tu na siku mbili za kupoteza, chukua. Vaa vizuri pia, ndala na kaptula wanakurudisha maana tiketi ya stafu ina masharti yake. Mkiwa wawili au watatu kaa chini mkubaliane nyumbani kabisa kwamba kikipatikana kiti kimoja nani anakwenda, msije mkaamulia kaunta. Na mtoto mdogo, wiki ya Krismasi, mimi sirudii.

Kitu kingine, sasa hivi ndege zinapanda zimejaa na kushuka Dar zina nafasi, ila mwaka mpya ukiisha inageuka, wote tunashuka kwa pamoja kuwahi shule na kazi. Kwa hiyo ya kurudi nimeshalipia basi, tarehe 4, viti viwili vilivyoandikwa namba.