Taa mpya kwenye mkonga wa zamani: pesa iende kwenye waya kwanza

Kama gari lako la zamani lina taa hafifu, usikimbilie globu kali wala LED. Tafuta mita ya umeme, pima volti kwenye soketi ya globu, ndipo uamue. Nasema hivi baada ya kufunga taa mpya za duara za inchi 7, pamoja na nyaya zake za rilei (swichi ya umeme inayoipa taa moto moja kwa moja kutoka betri), kwenye Land Cruiser yangu HZJ75. Ni pikapu, zile tunazoziita mkonga, ya injini ya 1HZ, inabeba nyanya na vitunguu kutoka Ilula kwenda Dar es Salaam, na safari nyingi ni za usiku kwa sababu nyanya hazipendi jua.

Njia hiyo inaijua taa mbovu. Unashuka mlima Kitonga na kona zake, malori yako mbele na nyuma, unapita mibuyu ya Ruaha Mbuyuni, kisha unaingia kipande cha barabara cha kilomita 50 hivi kinachokata Hifadhi ya Mikumi. Mle ndani mwendo ni 50 kwa saa na ukigonga mnyama unalipa. Tembo wa rangi ya vumbi akisimama pembeni mwa lami usiku, taa ya njano hafifu inamwonyesha ukiwa umeshamkaribia mno.

Kabla ya kununua chochote nilipima. Injini ikinguruma, betri ilisoma volti 14.1. Kwenye soketi ya taa ya kulia, globu ikiwa inawaka, mita ikasoma 11.6. Volti mbili na nusu zilikuwa zinaishia njiani, na globu ya halojeni haivumilii jambo hilo: volti zikipungua asilimia 10, mwanga unashuka kwa takriban asilimia 30. Na ni lazima globu iwe inawaka wakati wa kupima. Mafundi wengi huchomoa soketi, wakapima waya mtupu, wakaona 14, wakasema waya ni mzima. Globu isipovuta umeme, hata waya uliobakiwa na nyuzi mbili za shaba utasoma vizuri.

Sababu ya upotevu huo haina fumbo. Globu mbili za wati 55 kwenye dimu (mwanga wa chini) zinavuta ampea 9 na ushei, na za wati 60 kwenye fulu (mwanga wa mbali) zinavuta ampea 10. Moto wote huo unapita kwenye swichi ndogo ya usukani, kwenye fyuzi zenye kutu, na kwenye viungo vilivyokaa miaka zaidi ya 25. Anayeweka globu za wati 100 kwenye nyaya hizohizo anazidisha ampea bila kupanua njia. Ndiyo maana soketi zinayeyuka.

Upande wa taa nilichagua Hella za kioo, zinazotumia globu ya H4, yenye nyuzi mbili, wa dimu na wa fulu. Sikuchukua za plastiki, kwa sababu vumbi na kitambaa huikwangua plastiki hadi ikawa na ukungu, na mwanga unatawanyika. Lakini kabla ya jina la kampuni, tazama maandishi kwenye kioo chenyewe. Utaona herufi E ndani ya duara, na herufi HCR, maana yake taa ya halojeni yenye dimu na fulu. Chini yake tafuta mshale. Ukisimama mbele ya gari ukiitazama taa, mshale uelekee mkono wako wa kulia. Hiyo ni taa ya nchi zinazoendesha kushoto kama Tanzania, Kenya na Uganda: mwanga wake wa dimu unapanda kidogo upande wa ukingo wa barabara, unakuonyesha mtembea kwa miguu na baiskeli isiyo na taa. Isiyo na mshale ni ya nchi zinazoendesha kulia. Wenzetu wa Kongo, Rwanda na Burundi ndiyo wanayoitaka. Ukiifunga huku, ule mwanga unaopanda unaingia moja kwa moja machoni mwa anayekuja. Yenye mshale wa pande mbili inaweza kurekebishwa ifae upande wowote. Madukani zimechanganywa, na muuzaji wa kwanza niliyemuuliza alinijibu kwamba taa ni taa.

Kuhusu LED, jirani yangu alinipa zake za H4 nizijaribu kwa usiku mmoja. Ukiwa ndani ya gari zinapendeza, mbele pote peupe. Ukishuka ukasimama mita 30 mbele ya gari, unafumba macho hata zikiwa kwenye dimu. Kioo na kiakisi cha H4 vimepimwa kwa ajili ya uzi mdogo wa globu ukae mahali pake, na chini ya uzi wa dimu kuna kibati kinachokata mwanga usiende juu. LED niliyopewa haikulingana na mahali hapo, basi mwanga ukawa unaruka ovyo. Madereva wa malori walinipigia fulu njia nzima, nami nawaelewa. Siwezi kuweka kitu kinachompofusha mwenzangu pale Kitonga.

Kazi kubwa ilikuwa nyaya. Nilinunua seti iliyo tayari: rilei mbili, fyuzi, soketi mbili za kauri. Fundi umeme wangu ni kijana wa Morogoro mwenye utulivu. Alipochomoa soketi ya zamani na kuweka testa akaniambia, "Mzee, hii gari yako swichi yake inakata hasi." Na ni kweli. Magari mengi hupeleka chanya kwenye globu kupitia swichi, hasi imefungwa kwenye bodi. Land Cruiser hizi ni kinyume: ukiwasha taa, waya wa pamoja kwenye soketi unapata chanya, na swichi ya usukani ndiyo inayopeleka dimu au fulu kwenye erthi. Seti niliyonunua ilitengenezwa kwa magari ya aina ya kwanza, na karatasi yake haikugusia jambo hilo hata kwa mstari mmoja. Ukiichomeka ilivyo, rilei hazifanyi kazi kabisa.

Miguu ya rilei ina namba: 85, 86, 30 na 87. Fundi alizikata 85 zote mbili kutoka erthi akaziunganisha na waya wa pamoja wenye chanya. 86 ya rilei moja ikaenda kwenye waya wa dimu, ya rilei nyingine kwenye waya wa fulu. 30 zinapata moto wa betri kupitia fyuzi iliyokaa karibu kabisa na betri, na 87 ndizo zinazolisha taa. Rilei zenye diodi ndani (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu) zina mwelekeo, hivyo kwa mpango huu tumia za kawaida. Taa ya bluu ya fulu kwenye dashibodi aliikata kwenye waya wake wa zamani, akaipa waya mpya kutoka 87 ya fulu. Erthi tulikwangua rangi mpaka bati likang'aa, tukafunga bolti, tukapaka grisi.

Seti hiyo ina kasoro nyingine iliyoniudhi zaidi. Imeandikwa ampea 40, lakini fundi alipokwangua waya wa moto kwa kisu, ndani ulikuwa mweupe: aluminiamu iliyopakwa shaba. Tukautupa, tukanunua waya wa shaba wa milimita 4 za mraba. Kilichobaki cha thamani kwenye seti ni soketi za kauri na rilei. Kwa hiyo siipendekezi; nunua vitu hivi kimojakimoja, fundi ataviunganisha.

Matokeo: kwenye soketi sasa nasoma 13.7 globu ikiwa inawaka, na globu ni zilezile za kawaida za wati 60/55. Mwanga umekuwa mweupe, una ukingo ulionyooka, na pembeni mwa lami naona mpaka kwenye nyasi. Swichi ya usukani haipati joto tena.

Kupanga taa msikubali kufanyiwa gari likiwa tupu kama kazi yake ni kubeba. Mzigo ukikalia springi za nyuma, pua inapanda na dimu inageuka fulu. Tulipakia mzigo wa kawaida, tukasimama kwenye uwanja ulio sawa mita 10 kutoka ukutani, tukashusha ukingo wa dimu uwe sentimita 10 chini ya usawa wa katikati ya taa. Skrubu za kurekebisha ni mbili, ya juu na ya pembeni. Nyingine zinashika ringi tu.

Gharama yote, pamoja na fundi, ilikaribia bei ya tairi moja la gari hili. Mkonga wangu ni wa volti 12. Baadhi ya zilizotoka Japani ni za volti 24, hivyo hakikisha volti za gari lako kabla ya kununua globu na rilei. Kwenye droo weka fyuzi za akiba na globu moja ya H4 ndani ya boksi lake, na ukiibadilisha shika chuma chake, usiguse kioo kwa vidole.