Uzoefu wangu: programu ya simu ya kugeuza Kiingereza kuwa alama za Morse

Naongoza kikundi cha skauti hapa Jinja, na vijana wetu hujifunza ishara kwa Kiingereza kama masomo yao mengine. Ndiyo maana nilipakua programu hii ya bure. Unaandika neno, inakupa nukta na vistari, halafu unachagua ilie au iwashe tochi ya simu. Haihitaji bando, jambo ambalo kambini ni neema.

Kwenye kugeuza maneno sina la kulalamikia. HELP inatoka .... . .-.. .--. sawasawa, na tarakimu vilevile. Hata Kiswahili inakipokea, kwa kuwa herufi ni zilezile. Ila E ndiyo iliyopewa nukta moja tu, kwa sababu Kiingereza kinaitumia kuliko herufi zote. A, ambayo sisi hatuiachi kwa sentensi hata moja, ina nukta na kistari.

Tatizo ni nafasi. Kistari hudumu mara tatu ya nukta; kati ya herufi na herufi unanyamaza kwa muda wa nukta tatu, na kati ya neno na neno, nukta saba. Ukipandisha kasi, programu hii inabana nafasi hizo. Chukua neno TEA, yaani - . .- : T na E zikigusana zinageuka N. Tulipojaribu usiku kwa tochi, vijana waliokuwa ng'ambo ya uwanja waliandika NA, na walikuwa wamesoma vizuri kabisa walichoonyeshwa. Dawa yake ipo ndani ya mipangilio: acha kila herufi iende kwa kasi ya kawaida, kisha refusha kimya kati ya herufi. Hivyo kijana anaishika herufi kama mlio mmoja, badala ya kuhesabu nukta. Na kioo cha simu kifunikwe! Anayejifunza kwa kutazama vistari atakwama siku atakapotakiwa kusikiliza.

Kinachoniudhi zaidi ni SOS. Ishara hii ya hatari, iliyokubaliwa mwaka 1906 kule Berlin, hutumwa mfululizo bila kuachanisha herufi: ...---... Programu inaikata vipande vitatu kama neno la kawaida. Kwa vijana wanaokaa kando ya Ziwa Victoria, hilo silichukulii kirahisi, kwa hiyo SOS naifundisha mwenyewe kwa tochi ya mkononi.

Matangazo yapo, yanavumilika. Nimeipa nyota nne. Wakirekebisha SOS nitaongeza ya tano.