Miezi mitatu ya mazoezi ya kundi Malindi: uzoefu wangu nikianza na kilo 96

Wanawake wenzangu wameniuliza sana haya mazoezi ya ufukweni nayaonaje, yafaa kwa mtu mzito, mtu aliyezaa, mtu wa miaka 40 na kitu, kwa hivo nmeamua niandike yote mara moja. Mimi ni fundi wa nguo, nakaa kwenye cherehani ya miguu tangu saa mbili asubuhi mpaka alasiri, msimu wa harusi mpaka usiku. Nlianza Septemba nikiwa kilo 96, presha 148 kwa 94, daktari akanipa miezi mitatu nijaribu chakula na mazoezi kabla hajaniandikia dawa. Lakini kusema kweli kilichonishtua si ile mashine ya presha. Ni siku naswali magharibi nyumbani, natoka kwenye sijda nataka kuinuka, mguu ukagoma, nkashika ukuta, na binti yangu mdogo akaja akanishika mkono vile anavomshika bibi yake. Bibi yake ana miaka 74.

Mara ya kwanza nlikwenda ukumbi mmoja wa mjini, sitoutaja, shilingi 500 kwa siku. Watu kama 20, muziki juu, kocha kijana mwenye mwili wake mzuri, na hakuna aliyeniuliza hata swali moja. Tukaanza na ile inaitwa Tabata, sekunde 20 unafanya kwa nguvu zako zote, sekunde 10 unapumua, mara 8, jumla dakika 4. Ukiambiwa dakika 4 unaona ni kidogo. Mara skwoti, yaani kuchuchumaa na kuinuka, mara kuruka, mara bapi, yaani unashuka mikono chini, unarusha miguu nyuma, unairudisha, unaruka juu. Mzunguko wa tatu kichwa kikawa chepesi, masikio yavuma, nkasimama, kocha akapiga kelele hakuna kusimama hapa, nkaendelea kwa haya tu maanake watu wote wanitizama, na nusu saa haijafika nko nje natapika. Hakuna aliyetoka kunifuata.

Kesho yake nkajiona sawa kidogo nkadhani yamepita. Siku ya pili ndo mapaja yakakaza, siwezi kuchuchumaa chooni, siwezi kukanyaga cherehani, na nna mabuibui matatu ya watu ya kutoa Ijumaa. Jirani yetu mmoja ni nesi, akaja akanieleza kua misuli ikipewa kazi haijaizoea, hasa ile ya kujishusha na uzito wako mwenyewe, hupata michubuko midogo midogo ndani, na maumivu yake hupanda baina ya saa 24 na saa 72, si ile asidi ya laktiki watu wanayosema ndo huleta maumivu, hiyo hutoka muda mfupi tu baada ya kumaliza. Afu akaniuliza mkojo wangu una rangi gani. Nkashangaa. Akasema ukiuona mweusi mweusi kama chai ya mkandaa, isiyo maziwa, na misuli imevimba, usingoje asubuhi, nenda hospitali saa hiyo hiyo, maanake misuli iliyoharibika sana humwaga vitu kwenye damu na figo ndo zinazoumia. Wangu ulikua sawa, alhamdulillahi, lakini neno hili naliandika hapa kwa sababu kule ukumbini hakuna aliyelisema, na wanaoanza kama mimi ndo wako karibu nalo zaidi kuliko wale waliozoea.

Baadae nkasoma kua hiyo Tabata imeitwa kwa jina la mtafiti wa Japani, Izumi Tabata, aliyeipima miaka ya 1990, na asili yake yalikua mazoezi ya timu ya Japani ya mbio za kuteleza kwenye barafu. Wale ni wanariadha, wamefanya mazoezi tangu wadogo. Zoezi lenyewe silitii ila, lakini kunipa mimi siku ya kwanza ni sawa na kumkatia mtu nguo hujampima.

Sasa hili kundi la pili. Wanawake watupu, mwalimu mwanamke, ufukweni upande wa Silversands, Jumatatu, Jumatano na Jumamosi, saa kumi na moja jioni, dakika 45, mtu awahi magharibi kwao. Shilingi 200 kwa siku au 2,000 kwa mwezi. Nlienda kwa woga wallahi. Kabla sijavua viatu mwalimu akanivuta pembeni, dadangu una presha, una sukari, magoti yakoje, umezaa lini mara ya mwisho, unatumia dawa gani. Akaandika kwenye daftari. Afu akanambia leo utafanya dakika 15, zilobaki utatembea pale maji yanapogusa mchanga mpaka tumalize, na ukiona huwezi kunambia sentensi nzima bila kukata pumzi, punguza, ukiona watoa neno moja moja, simama kabisa. Kipimo chenyewe ndo hicho, hakitaki saa wala mashine, na mpaka leo nakitumia.

Kila zoezi analionyesha mara tatu, la aliyezoea, la katikati na la anayeanza, na hilo la anayeanza analifanya yeye mwenyewe pamoja nasi, halifanyi haraka haraka kisha akahamia kwa wenye nguvu. Pushapu zangu za kwanza, yaani kujisukuma kwa mikono, nlizifanya nimeegemea ubavu wa mashua iliyopandishwa juu, nimesimama. Skwoti nakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nainuka, nakaa nainuka. Bapi bila kuruka, unarudisha mguu mmoja mmoja kwa hatua. Na jasho linatoka vile vile, mtu asikudanganye.

Kitu nlichokipenda sana ni vile ratiba inavofuata maji. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, jioni bahari huwa imekupwa, mchanga umejiachia mpana na mgumu kama sakafu, hapo ndo tunakimbia. Siku za bamvua, mwezi mwandamo au mpevu, maji hujaa kama saa kumi jioni, kwa hivo twasukumwa juu kwenye mchanga mlaini, na huo mguu unazama, kila hatua ni kazi mara mbili na kifundo cha mguu ni rahisi kuteguka. Mwalimu mzawa wa hapa, siku hizo hakimbizi mtu, tunafanya ya kusimama pahali pamoja. Nmeona mtu akitoka bara na mpango wake kwenye simu hawezi kulijua hili.

Yasonifurahisha yapo. Hakuna choo karibu, na kwa wanawake hilo si jambo dogo. Mvua za vuli zilikatiza siku nne nzima na pesa hazikurudi wala hatukufidiwa siku. Na tangu Novemba kundi limekua kubwa, zamani tulikua 12 sasa tunapita 30, mwalimu mmoja hawezi kuona kila goti limekaa vipi, nshamwambia atafute msaidizi na bado nasubiri. Nguo haina shida, wengi tunavaa suruali pana na dera fupi juu au fulana ya mikono mirefu, mtandio umebanwa vizuri.

Wiki ya pili nlitaka kuacha, sitoficha, mwili ulikua wauma kila pahali na nyumbani wananambia pumzika mama usijiue. Wiki ya nne nkafika dakika 30. Wiki ya saba nkamaliza zote 45 nikiwa nafanya ya chini kabisa, nkakaa kwenye mchanga nkalia, na dada mmoja aliyekua mbele yangu akaja akakaa pale pale bila kusema kitu akanipa dafu lake.

Sasa ni Disemba, kaskazi imeanza na joto limezidi kwa hivo tunabeba maji lita moja na nusu kila mtu. Nko kilo 91, presha ya juzi 134 kwa 86, daktari amesema niendelee arudie kunipima Machi. Mahamri sijaacha, nmepunguza tu, kutoka manne mpaka mawili. Kutoka kwenye sijda nainuka bila kushika ukuta, tangu wiki ya tano, na binti yangu aliona kabla sijamwambia.

Bapi ya kuruka bado siiwezi na goti la kushoto hulalamika siku za mchanga mlaini, nalifunga bendeji. Mwezi wa Januari nshalipa.