Couples Match ya NRMP kwa madaktari wawili walio pamoja: naipa nyota 4 kati ya 5

Nawaandikia wenzangu wa Mulago, Mbarara, Gulu na kwingineko mlio na mchumba au mke au mume daktari na mnataka residensi (mafunzo ya ubingwa hospitalini) Marekani bila kutengana. NRMP ni mfumo wa huko unaowapangia madaktari nafasi za residensi kwa kompyuta, na Couples Match ni njia yake ya kuwapangia wawili kwa pamoja. Mimi na mke wangu tumeitumia hii huduma, yeye upande wa watoto na mimi magonjwa ya ndani, na imetufaa sana jamani.

Si lazima muwe mmefunga ndoa, wala msomee kitu kimoja. Kila mtu anafungua akaunti yake, mmoja anatuma ombi mwenzake anakubali, kila mmoja analipa ada ya ziada, basi mshakuwa jozi. Huku kwetu ukitaka MMed (shahada ya ubingwa) kila mtu anaomba chuo kivyake, mmoja anaitwa Makerere mwingine Mbarara, mtaonana wikendi barabara ikikubali.

Kazi yenyewe sasa iko kwenye orodha ya mnakotaka kwenda, kuanzia mnakopenda zaidi. Hapo hampangi programu (mafunzo ya hospitali fulani) mojamoja, mnapanga jozi, yaani kila mstari ni wewe wapi na yeye wapi. Wewe ukiwa na programu 6 na mwenzako 5 tayari ni jozi 30, mkiongeza na ile mistari ya mmoja kupata na mwingine kukosa zinafika 41, na mfumo unakubali mpaka 300. Sisi tuliandika zote kwenye daftari kwanza, jina la mji huku na umbali kati yetu kule, na mstari uliotutesa ni ule wa mke wangu kupata programu anayoipenda kuliko zote halafu mimi niwe saa nne kwa gari kutoka kwake, tukaupandisha, tukaushusha, chai ikapoa, mwisho tukauweka chini ya ile ya kuwa mji mmoja hospitali tofauti.

Na hapa naomba msome polepole: kompyuta inashuka mstari kwa mstari ikitafuta ule ambao NYOTE WAWILI mna nafasi. Ikifika mwisho haijapata, mmekosa wote, haiwatenganishi ijaribu mmoja mmoja. Ndiyo maana ile mistari ya mmoja kukosa muiongee mapema, tena kwa upendo, kabla intavyu hazijaisha, maana mkianza kuiongea siku ya kufunga orodha mtagombana bure. Kuna ofisi moja hapa Kampala inachukua pesa za watu kuwajazia fomu, ilituambia orodha fupi ndiyo inaonyesha mko siriasi. Si kweli kabisa! Hata hospitali zenyewe haziioni orodha yenu.

Nyota moja nimeitoa kwa sababu ya pesa. Mitihani ya USMLE (ya leseni ya udaktari Marekani) ni ya watu wawili, vyeti vya ECFMG (vya kuwatambua madaktari waliosomea nje) ni viwili, na ERAS, mtandao wa kutumia maombi kwa programu, inapanda bei kadiri unavyoongeza programu, na jozi ndiyo inawalazimisha muongeze. Kwa posho ya intaniship, tena ile inayochelewa, hiyo ni mizigo mizito kwa nyumba moja.

Faida nyingine ni kwamba ndani ya ERAS unaweza kutaja kwamba mko wawili na mwenzako ni nani. Tajeni. Mke wangu alipoitwa intavyu mji fulani, nami nikaandikia programu za mji huohuo kwa adabu kuwaeleza, na kuna waliojibu.

Viza ya J-1, ile ya kwenda kwa mafunzo, haina mambo ya jozi, kila mmoja anahitaji barua yake ya kuungwa mkono kutoka Wizara ya Afya pale Nakasero, na baada ya mafunzo kuna ile miaka 2 ya kurudi kukaa nyumbani, kwa hiyo mfuatilie barua zote mbili kwa pamoja msije mkapata moja. Majibu ya mahali mlipopangiwa yanatoka Ijumaa ya tatu ya Machi, saa zetu ni saa 1 usiku, nunueni bando mapema.