Osram Night Breaker LED kwenye taa za halojeni: balbu nzuri, lakini angalia kibali kwanza

Kwa sisi tunaoendesha magari Ujerumani, kutoa balbu ya halojeni kwenye taa ya mbele na kuweka ya LED lilikuwa kosa la wazi hadi Oktoba 2020, wakati Osram ilipoingiza sokoni Night Breaker LED ya aina ya H7, balbu ya kwanza ya namna hiyo kupewa kibali cha kutumika katika barabara za nchi hii. Kibali hicho hutolewa na Kraftfahrt-Bundesamt, mamlaka ya shirikisho ya magari iliyoko Flensburg. Philips nayo ilifuata mwaka 2021 kwa Ultinon Pro6000. Nimezitumia hizi za Osram kwenye taa ya chini, ile ambayo madereva wa nyumbani huiita dimu, na katika tathmini hii nitakaa zaidi kwenye uhalali kuliko ukali wa mwanga, kwa kuwa wengi wanaoniuliza hutaka kujua mwanga unafika umbali gani, na wachache mno huuliza kama taa za gari lao zimo kwenye orodha ya kibali.

Orodha hiyo ipo kwa sababu ya kimaumbile. Ndani ya balbu ya H7 ya halojeni kuna waya mwembamba uliosokotwa, wenye urefu wa milimita 4 hivi, na umbo la kiakisi au lenzi ya taa limekokotolewa kwa kuufuata waya huo mahali hasa ulipo. LED haina waya. Ina vipande vidogo vinavyotoa mwanga kutoka pande mbili za ubao mwembamba. Vikikaa pembeni kidogo tu ya pale ulipokuwa waya, mstari unaotenganisha mwanga na giza hupotea, na mwanga uliopaswa kulala juu ya lami hupanda hadi kwenye macho ya dereva anayekuja mbele. Ndiyo maana balbu haihukumiwi peke yake. Kinachopimwa na kuruhusiwa ni balbu hii ndani ya taa ile, na mchanganyiko ambao haujapimwa hauna ruhusa, hata kama balbu yenyewe ni bora kupita zote dukani.

Hapa ndipo wanunuzi wengi hukosea. Kuona jina la modeli ya gari lako kwenye orodha hakutoshi, kwa sababu modeli moja huweza kutoka kiwandani na taa za watengenezaji wawili tofauti. Namba ya kuangalia ni ile ya idhini iliyochapwa kwenye kioo cha taa yenyewe, karibu na duara lenye herufi E na namba ya nchi iliyotoa idhini. E1, kwa mfano, ni Ujerumani. Gari lililowahi kugongwa mbele na kuwekewa taa isiyo ya asili, japo inafanana nayo kabisa kwa macho, linaweza kuwa nje ya orodha bila mwenye gari kujua. Namba ikilingana, utaratibu uliobaki ni mwepesi: unapakua kibali, unaweka nakala yake ndani ya gari, na mkaguzi wa TÜV au DEKRA, mashirika yanayokagua magari hapa, akiiomba unamwonyesha.

Ninasisitiza haya kwa sababu masoko ya mtandaoni yamejaa balbu za LED za bei ya chini zinazotangazwa kuwa halali Ulaya nzima, jambo ambalo si kweli. Uingereza, tangu mwaka 2021, mwongozo wa MOT, ukaguzi wa lazima wa magari wa nchi hiyo, unaelekeza kwamba gari lililoanza kutumika kuanzia tarehe 1 Aprili 1986, likiwa na taa ya halojeni iliyogeuzwa kutumia LED, lifelishwe. Marekani nako, alama ya DOT, yaani ya kutimiza viwango vya wizara ya uchukuzi, huwekwa na mtengenezaji mwenyewe kama tamko lake. Serikali haijaikagua bidhaa hiyo kabla ya kuuzwa.

Tukija kwenye bidhaa yenyewe, nimeridhika nayo. Mwanga wake ni mweupe, wa kelvini 6,000 (kipimo cha rangi ya mwanga), na kwenye barabara za vijijini zisizo na taa alama za pembeni huonekana mapema na kwa uwazi. Hutumia umeme kidogo sana ukilinganisha na wati 55 za halojeni, na kwa sababu hiyo hiyo baadhi ya magari hudhani balbu imeungua na kuwasha taa ya onyo, hivyo huhitaji adapta inayouzwa peke yake. Kasoro ninayoiona nzito ni ya majira ya baridi: LED haipashi kioo joto kama halojeni, kwa hiyo theluji hung'ang'ania juu ya taa na dereva hulazimika kusimama kuipangusa. Bei nayo, zaidi ya euro 100 kwa jozi zilipotoka, ni kubwa.

Wanaofikiria kupeleka gari nyumbani wajue kwamba kibali hiki ni cha Ujerumani. Tena taa za hapa hunyanyua mwanga upande wa kulia, jambo linalofaa Rwanda, Burundi na Kongo, lakini Kenya, Tanzania na Uganda, ambako tunapita kushoto, mwanga huo humlenga anayekuja, na hapo dawa ni kubadili taa nzima. Aliyewahi kuendesha usiku barabara ya Morogoro, akipishana na magari yenye LED za kubandika, anaijua hatari ninayoisema.

Ninazipendekeza kwa mwenye taa zilizomo kwenye orodha, kwa sharti kwamba baada ya kuzifunga aende gereji ikapime mwelekeo wa mwanga; kila Oktoba gereji nyingi za hapa hufanya kipimo hicho bure, desturi iliyoanza mwaka 1956. Ambaye taa zake hazimo anunue halojeni mpya ya H7 yenye alama ya E, abadili zote mbili kwa pamoja, na kama kioo cha taa kimefifia na kuwa cha manjano akakisafishe kwa fundi, kwa kuwa kwenye magari mengi ya zamani mwanga hupotelea hapo.