Kalipa zimepakwa rangi, mafuta ya breki hayakuguswa: uzoefu wangu na gereji moja ya Nakuru

Nyota tatu. Nilipokuwa naegesha gari zilikuwa nne, na sina hakika zitabaki ngapi nikifika chini, kwa hiyo soma haraka.

Gereji yenyewe siitaji jina. Wenye Subaru hapa Nakuru wataitambua kwa kelele. Ukitaka gari ling'ae na ekzosi isikike hadi Section 58, wapelekee, wanajua kazi hiyo. Mimi nilikuwa na shida nyingine. Nina Subaru Impreza WRX, nilialikwa kwenye siku ya mbio katika uwanja wa lami ng'ambo ya Nairobi, uwanja ambao sijawahi kuukanyaga, na nilitaka gari liandaliwe na watu wanaojua wanachofanya. Nikawaandikia orodha kwenye karatasi. Cha kwanza kabisa, kwa herufi kubwa: MAFUTA YA BREKI YABADILISHWE YOTE.

Jamaa wa mapokezi akaishika ile karatasi, akachungulia nyuma ya bega langu. "Madam, mzee atakuja saa ngapi tuongee naye?"

Mzee gani? Baba yangu yuko Molo na viazi vyake, hata leseni hana. Nikamwambia mwenye gari ndiye huyu, na dereva ndiye huyu. Akacheka. "Basi sawa, siz. Tutakutengenezea kitu ya rali."

Hili la rali niliseme kidogo, maana ndipo mambo yalipoharibikia. Tangu Safari Rally irudi kwenye mashindano ya dunia 2021 na kuanza kupita huku kwetu, Naivasha, Elmenteita, Soysambu, kila mwenye spana Nakuru amekuwa fundi wa rali. Sawa, furaha ni ya wote. Lakini rali ni vumbi, mawe na mashimo. Gari linahitaji kuinuka na kulindwa tumbo. Uwanja wa lami una adhabu yake, na adhabu hiyo ni joto. Unatoka kwenye mnyooko kwa kasi, unakanyaga breki kwa nguvu, unageuka, unaongeza mwendo, na kabla diski hazijapata upepo unakanyaga tena. Mzunguko baada ya mzunguko. Ndiyo maana mtu anayekwenda uwanjani mara ya kwanza anaambiwa aangalie breki kabla hajafikiria nguvu za farasi.

Nililetewa gari limefungwa madigadi mekundu. Springi zimewekewa spesa, gari limeinuka, tayari kuvuka mto Malewa. Kalipa, vile vyuma vinavyobana diski za breki, zimepakwa rangi ya dhahabu. Tairi zimejazwa upepo hadi zimekakamaa, eti "zipepee", wakati tairi ya uwanjani hupata joto na presha yake hupanda yenyewe, kwa hiyo unaanza chini kidogo kisha unapima ukitoka ikiwa bado moto. Upepo nilipunguza mwenyewe. Spesa waliziondoa baada ya mabishano ambayo sitayarudia hapa kwa sababu mama yangu husoma ninayoandika.

Kwa haki, niseme na mazuri. Oili walibadilisha vizuri, na ile injini ya Subaru isipotazamwa oili yake itakutoa machozi. Paipu ya rejeta iliyokuwa imeanza kupasuka waliigundua wao, mimi sikuwa nimeiona. Nati za magurudumu zilikazwa sawasawa. Betri ilifungwa isitikisike. Hapo ndipo nyota nne zilipotoka. Na risiti yao ilikuwa na mstari uliosema waziwazi: mafuta ya breki, yote, pamoja na kutoa hewa. Nikalipa.

Uwanjani asubuhi waliruhusu wageni kutembea kwa miguu. Nilitembea wote. Ukiwa mgeni huo ndio muda wa kuona kona inayojificha, lami inapobadilika rangi, na muhimu zaidi, mahali pa kwenda mambo yakikataa. Mwisho wa mnyooko mrefu kulikuwa na kona kali ya kulia, na mbele yake uwanda wa nyasi usio na ukuta. Nikauweka akilini. Mizunguko ya kwanza nilienda taratibu, nikifunga breki mapema kuliko ilivyohitajika. Gari lilikuwa tamu, siwezi kudanganya.

Nilipoanza kuongeza mwendo, pedali ikawa laini. Mzunguko uliofuata nikatoka kwenye ule mnyooko, nikakanyaga, na pedali ikashuka hadi sakafuni bila kukutana na kitu chochote.

Nikaipiga mara mbili tatu, nikashusha gia, ikashika kidogo, haikutosha. Nikaelekeza pua kwenye zile nyasi. Gari likaruka-ruka, likasimama. Hakuna kilichovunjika. Miguu yangu ilikataa kutoka nje kwa muda.

Aliyenikuta wa kwanza ni mzee mmoja aliyetoka Kisumu na Datsun yake ya zamani. "Binti yangu, usivute hendibreki, diski zina moto. Fungua boneti." Akafungua kikopo cha mafuta ya breki, akaniita nitazame. Meusi kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni tangu jana. Mafuta mapya huwa karibu na rangi ya asali nyepesi. Haya hayakuwa yamebadilishwa tangu gari lishuke Mombasa, pengine tangu Japani.

Jambo lenyewe si uchawi. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa polepole. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 4, yakiwa mapya, yanatakiwa kustahimili angalau nyuzi 230 za Selsiasi kabla ya kuchemka; yakishanyonya maji, kiwango kinachokubalika kinashuka hadi 155. Barabarani hutagundua. Uwanjani yanachemka, yanatoa mapovu ya mvuke, na mvuke ukiubana unabonyea. Unakanyaga hewa.

Mzee alikuwa na chupa yake. Yeye akifungua nipeli, kile kitundu cha kutolea mafuta na hewa, kwenye gurudumu, mimi nikipiga pedali, tukaenda hivyo hadi kukatoka mafuta safi. Hakukubali pesa. Nilimaliza siku taratibu, na jioni nikashuka Mai Mahiu kati ya malori, nikiwaza ingekuwaje kama zile breki zingenifia pale kwenye mteremko. Hapo nyota ikaanguka moja.

Nikarudi gerejini na risiti. Yule jamaa akaisoma, akakuna kidevu. "Madam, labda ulikanyaga breki sana."

Nilikanyaga breki sana. Kwenye uwanja wa mbio! Nilipaswa kuzikanyaga kwa adabu? Nikamuuliza mafuta ya zamani waliyamwaga kwenye nini. Akasema fundi aliyefanya kazi hiyo yuko likizo. Nikaomba pesa ya mstari ule mmoja tu. Akaniahidi kuoshewa gari bure. Nyota moja. Hata hiyo naona nyingi.

Sasa tatizo langu. Nikiwa natoka, kijana mmoja wa pale anayejifunza kazi akanifuata hadi langoni na kitu kimefungwa kwenye gazeti. "Anti, hii ni yako. Mimi niliwaambia haijafunguliwa, wakasema gari ni la kupigia picha." Ilikuwa chupa ya DOT 4, kifuniko kikiwa na sili yake. Ndiye pia, nilikuja kujua, aliyeiona ile paipu ya rejeta na aliyekaza nati. Yaani kila kitu nilichowapa nyota kilifanywa na mtu ambaye hata kiti hana pale.

Kwa hiyo nimewaachia mbili, na zote ni za kijana. Jina lake silitaji asije akafukuzwa. Ukienda, simama juu ya fundi hadi uone mafuta ya zamani yakitoka kwa macho yako, na ukiulizwa mzee wako yuko wapi, jibu unalijua. Mimi mwezi ujao nina oili ya kubadilisha, na kusema kweli bado sijapata anayeifanya vizuri kuliko wao. Nitapiga simu kwanza nijue kama kijana yuko zamu.