targetcli na LIO: hifadhi ya pamoja kwa klasta ndogo, bila kununua SAN

Kwa klasta ya seva mbili au tatu, LIO inatosha: huifanya seva ya kawaida ya Linux igawe diski zake kwa seva nyingine kupitia mtandao (iSCSI), badala ya SAN, mtambo maalumu wa hifadhi. Imo ndani ya kerneli ya Linux tangu toleo la 2.6.38 la mwaka 2011, haina leseni ya kulipia, na huendeshwa kwa targetcli, ambayo kwa maoni yetu ndiyo programu iliyo wazi kuliko nyingine za kazi hii. Unatembea kwa `cd` kama kwenye folda, na `ls` moja inakuonyesha diski, LUN (diski kama zinavyoonekana na seva za klasta) na ruhusa zote.

Usanidi ni mfupi: chanzo cha data, target (mahali ambapo seva huunganishwa), LUN, kisha ACL (ruhusa ya kuingia) moja kwa kila seva. Kwenye chanzo chagua block, yaani diski yenyewe. Fileio, yaani faili linalotumika kama diski, usipoiwekea `write_back=false`, huandika kwanza kwenye RAM ya seva ya hifadhi. Umeme ukikatika, inapotea data ambayo klasta imeshaambiwa iko salama.

ACL hutumia jina lililomo kwenye `/etc/iscsi/initiatorname.iscsi` ya seva inayounganishwa. Seva zilizonakiliwa kutoka usakinishaji mmoja huwa na jina moja, hivyo moja ikiingia nyingine hutolewa, nayo ikirudi huitoa ya kwanza, mchana kutwa. Tengeneza jina jipya kwa `iscsi-iname` kabla ya kuunganisha chochote.

Mtandao ndio unaoharibu sifa za LIO bure. Kiungo cha gigabiti 1 hakivuki megabaiti 120 hivi kwa sekunde, na mashine zote pepe zinagawana hizohizo. Anzia gigabiti 10. Weka njia mbili, kila moja na subneti yake na swichi yake, kisha multipath juu yake, inayozifanya njia hizo mbili zionekane kama diski moja. Shusha `replacement_timeout` kutoka sekunde 120 hadi 15, la sivyo njia moja ikifa maombi yanakwama dakika mbili kabla ya kuhamia njia ya pili. Ukitumia MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) ya 9000, ipime kwa `ping -M do -s 8972`. Swichi moja ikibaki na 1500, kuingia kutafanikiwa kwa sababu pakiti zake ni ndogo, halafu uandishi mzito wa kwanza utaganda.

Sasa upungufu mkubwa, ambao wengi huugundua data ikiwa imeshaharibika: LIO hugawa diski, haiamui nani aandike. Ext4 au XFS, mifumo ya faili ya kawaida, ikipachikwa kwenye seva mbili kwa wakati mmoja huharibika, kwa kuwa kila seva hushika kichwani ramani yake ya nafasi zilizo wazi na haijui mwenzake ameandika wapi. Anayehitaji faili za pamoja atumie GFS2, mfumo wa faili wa klasta, pamoja na dlm, inayoratibu kufuli kati ya seva. Kwenye Proxmox VE, jukwaa la kuendesha mashine pepe, LVM (mgawanyo wa diski katika volyumu) ya kawaida iliyowekewa alama ya `shared` ni rahisi zaidi, maana kila mashine pepe hupata kipande chake. LVM-thin, inayotoa nafasi kadiri inavyotumika, haifai hapa. Jambo jema ni kwamba LIO inaelewa SCSI-3 persistent reservations (usajili wa seva zinazoruhusiwa kuandika kwenye diski), kwa hiyo fence_scsi inaweza kuifungia diski seva iliyopotea kwenye klasta.

Kero nyingine ni ya kuwasha upya. Ukitoa diski nzima, LVM ya seva ya hifadhi inaweza kuona volyumu za klasta zilizomo na kuziamsha. LIO inakuta diski imeshikwa na LUN haitokei. Izuie kwa `global_filter` kwenye lvm.conf. Kwenye RHEL (Red Hat Enterprise Linux), bila `systemctl enable target`, usanidi wote haupakiwi.

Seva ya hifadhi ikizima, klasta nzima inasimama. Asiyeweza kuvumilia hilo aongeze ya pili kwa DRBD, inayonakili diski ya seva moja hadi nyingine kupitia mtandao, na ajue kazi inakuwa ngumu zaidi.

Kabla ya kuhamishia mashine pepe ya kwanza, chomoa kebo moja huku data ikiandikwa, uangalie `multipath -ll`. Kisha washa upya seva ya hifadhi na uhakikishe LUN zote zimerudi zenyewe.